Kiti cha Upinzani, Small Heath

Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa muhuri wa chifu. Picha za mtoto zilishapigwa kule Kisii mjini, nauli ilishawekwa akiba, na Kulwant mwenye nyumba, Singasinga aliyezaliwa Kisumu na ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko Kiingereza chake, alishakubali kitanda cha pili kiingizwe katika chumba cha juu. Kilichobaki ni chifu wa lokesheni athibitishe kwamba Zilpah, msichana wa miaka tisa anayelelewa na nyanya yake, ni mtoto wa Gertrude Kemunto na wala si wa mtu mwingine. Chifu akishagonga muhuri, pasipoti itatoka, na mtoto atapanda ndege kuja Birmingham kwa mama yake.

Chifu huyo alikuwa kaka mkubwa wa Bwana Bethuel, na Bwana Bethuel alikuwa hapo hapo Birmingham, chuo kikuu, akisomea shahada ya pili ya sheria.

Hiyo ilikuwa mwaka 1969, majira ya kuchipua, na Gertrude alikuwa na sababu ya kuharakisha. Mama yake aliyemlea Zilpah alikuwa ameanza kutapika damu. Serikali ya Uingereza nayo ilikuwa inazidi kubana mlango wa watoto wanaowafuata wazazi wao. Tangu hotuba ile ya mbunge mmoja dhidi ya wahamiaji, iliyotolewa mjini humo mwaka uliotangulia, hata wagonjwa wazee aliowaogesha wodini walikuwa wakimwuliza, kwa sauti ya upole kabisa, anarudi kwao lini. Usiku alilala akihesabu wanaosimama kati yake na mtoto wake, na kila mara hesabu iliishia kwa mtu mmoja.

Alikuja Uingereza miaka mitano kabla, akiwa msichana wa hospitali ya misheni aliyefukuzwa masomo ya uuguzi kwa sababu ya mimba, kisha akarudishwa kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyejua kushika mkono wa mzazi bila kutetemeka. Zilpah alipokuwa na miaka minne, Gertrude alimwacha amelala. Hakumuaga kwa sababu alijua akimuaga hataondoka. Baba wa mtoto alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mwenye suruali ya kupigwa pasi, aliyekana mimba mbele ya wazee na mbele ya mchungaji, na akakubali tu mbele ya hakimu. Wakati huo kulikuwa na sheria, iliyoachwa na Mwingereza miaka ya mwisho ya utawala wake, iliyomruhusu mwanamke asiyeolewa kumpeleka mahakamani mwanamume aliyempa mtoto, ili atoe matunzo. Watu waliiita sheria ya matunzo tu. Karo ya Zilpah na sare zake zilitokana nayo.

Na sasa, huko Nairobi, Bunge lilikuwa limeletewa mswada wa kuifuta.

*

Jumatano ile Gertrude alikuwa anarudi kutoka kazini. Hospitali ya wazee ilikuwa Northfield, upande wa pili wa mji, na ilimbidi apande mabasi mawili. Basi la pili, la Coventry Road, kondakta wake alikuwa Charanjit, mpwa wa Kulwant, kijana mwenye kilemba cha buluu na mdomo usiopumzika.

"Seneta wangu," Charanjit alisema akimkatia tiketi. "Mbona uso umekunjamana hivyo? Leo nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Wawili wamekataa kuoga."

"Basi ni siku nzuri. Mimi mama mmoja amenirudishia chenji yake, eti hataki iliyoshikwa na mkono wangu. Nikamwambia, mama, basi lenyewe mimi ndiye ninalipigia kengele, utashuka?"

Gertrude alicheka. Kicheko kilimkatika alipoona Bwana Bethuel akipanda, koti refu la kijivu, mwavuli, na ile tabasamu yake iliyotangulia mwili. Bethuel aliketi kando yake bila kuuliza.

"Dada Gertrude. Nilikuwa nakutafuta. Kaka yangu ameniletea habari. Jambo lako analo mezani."

"Nashukuru sana, Bwana Bethuel. Sijui niseme nini."

"Usiseme kitu. Sisi ni watu wa nyumba moja." Alipangusa ukungu kwenye kioo cha dirisha kwa kidole, akaangalia maduka yakipita. "Jumamosi ndio nawasilisha ule mswada pale kwenu Seneti. Wageni wawili watakuja kutoka London, wakubwa, watu ambao mimi nitafanya nao kazi nikirudi. Ningependa waone kwamba watu wetu wa huku wana akili timamu. Kwamba tuko pamoja."

"Nani atakuwa upinzani ni kura inayosema," Gertrude alijibu.

"Najua. Kura ni kura." Akamgeukia. "Nasema tu, ikiangukia mwingine, wewe utulie. Wewe ukisimama watu husikiliza. Na kaka yangu ni mtu wa kusikia mambo haraka."

Alishuka kituo kilichofuata, akamgusa bega kwa heshima kama anavyoguswa mzazi. Charanjit alipiga kengele mara mbili kwa nguvu isiyohitajika.

"Yule anapanda basi langu kituo kimoja tu," alisema. "Mwenye mwavuli hashindwi kutembea kituo kimoja."

*

Seneti ya Small Heath, mtaa wao wa Birmingham, ilianza kwa mzaha. Mwishoni mwa mwaka 1966 habari zilipofika kwamba Kenya imelivunja Baraza la Seneti na kuliunganisha na Bunge, watu walikuwa wamekaa kwenye ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, wakinywa chai baada ya mazishi ya mtu. Mzee Vuai, Mzanzibari aliyehama kwao baada ya mapinduzi na sasa alikuwa akimimina chuma kwenye kiwanda, aliweka kikombe chini akasema, "Wao wameitupa, sie tutaiokota." Wakacheka. Lakini Jumamosi ya mwisho ya mwezi ule walikutana tena, wakapanga viti safu mbili zinazotazamana, wakamfanya Vuai Spika kwa sababu alikuwa na sauti na hakuwa Mkenya, basi hakuwa na chama cha kumvuta. Tangu hapo kila mwezi walichukua mswada mmoja uliokuwa ukijadiliwa nyumbani, Kenya au Tanzania au Uganda, wakaujadili kwa Kiswahili mpaka kijiko cha mwisho cha sukari kiishe.

Kanuni yao moja ilikuwa kubwa kuliko zote, na Vuai ndiye aliyeitunga. Hakuna aliyechagua upinzani. Vizibo vya soda viliwekwa ndani ya kofia yake, vingi vitupu, vitatu vimekwaruzwa kwa msumari. Aliyetoa chenye mkwaruzo alivuka kwenda safu ya kushoto, na kule alipaswa kupinga mswada kwa nguvu zake zote, hata kama moyoni aliupenda. Kwa hiyo mtu akirudi nyumbani, au akienda kuomba pasipoti mpya, na mtu akanong'ona kwamba huyu alikuwa akiisema vibaya serikali kule Birmingham, jibu lilikuwa tayari na lilikuwa kweli: nilitoa kizibo. Siku zile watu waliokuwa katika chama cha upinzani nyumbani walikuwa wakinyang'anywa pasipoti, na wengine walifungwa bila kesi. Mzee Vuai alijua vizuri jinsi neno moja linavyoweza kumfuata mtu mpaka ng'ambo ya bahari.

Gertrude alikuwa amekitoa kizibo kilichokwaruzwa mara nyingi kuliko wengine, hata wakaanza kumtania kwamba vidole vyake vinajua msumari. Aliupinga mswada wa kupanga kiwango cha mahari, akawauliza wanaume kama wangependa bei zao wenyewe zipangwe na kamati ya bunge. Aliupinga mswada wa ada za hospitali, akaeleza jinsi mama anavyomfunga mtoto mgongoni na kungoja usiku uingie ili apite kwa karani asionekane hana kitu. Kuhusu urithi wa wajane alizungumza kwa muda mrefu mpaka chai ikapoa, na Bibi Roselyne, mke wa mchungaji, ambaye siku ile alikuwa upande wa serikali, akapiga makofi akasahau yuko wapi. Hakuwa na maneno makubwa. Alisema kama mtu anayempa mgonjwa habari mbaya: taratibu, akiwa amesimama karibu, bila kuangalia pembeni. Ndiyo maana walimwita Seneta, na jina likatoka ukumbini likapanda mabasi.

Lakini mara zote hizo alikuwa ametoa kizibo.

*

Jumamosi ilinyesha tangu asubuhi. Ukumbi ulinuka mafuta ya taa na makoti yaliyolowa. Wageni wawili wa London waliketi mbele kabisa, kila mmoja na kalamu mfukoni, wakapewa vikombe vizuri. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida na walizungumza kidogo kuliko kawaida.

Vuai alipitisha kofia. Gertrude alipotia mkono ndani, aliomba. Aliomba kwa maneno aliyofundishwa na mama yake, kwa Kigusii, kwamba kizibo kiwe laini. Kilikuwa laini. Alikifumba kiganjani, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akavuta pumzi mpaka chini. Charanjit alikitazama chake akapiga mluzi.

"Haya, serikali yangu kwaheri," alisema, akavuka.

Waliovuka naye walikuwa wanafunzi wawili wapya kutoka Kampala, ambao walikuwa wakimtazama Bwana Bethuel kama watu wanaomtazama mtahini.

Bethuel, aliyekaa upande wa serikali kama Waziri, aliwasilisha mswada vizuri. Ni lazima isemwe hivyo, alikuwa msemaji. Alisema sheria ya matunzo ni nguo ya Mzungu iliyoachwa kwenye kamba, sisi tunaivaa na haitutoshi. Kwamba mila zetu zina njia zake. Kwamba wasichana wa mjini wameifanya biashara, mtoto mmoja baba watatu, na vijana wenye kazi nzuri wanaogopa kuwasalimu wanawake barabarani. Alisema kila jambo kwa tabasamu, na wanaume walicheka palipokuwa na nafasi ya kucheka, na mmoja wa wageni aliandika kitu.

"Upinzani," Vuai aliita. "Mheshimiwa Charanjit, uwanja wako."

Charanjit alisimama. Alikuwa mchekeshaji, kila mtu alimpenda kwa hilo. Lakini alikuwa hajaoa, hajasoma mswada, na wageni walimtisha kwa viatu vyao. "Bwana Spika," alisema, "mimi naupinga mswada huu kwa sababu nimetoa kizibo." Watu walicheka. "Na pia kwa sababu, kama Waziri anasema kweli, hawa wasichana wana akili ya biashara kutushinda sisi Wahindi, basi tuwape leseni, tuwatoze kodi!"

Ukumbi ulilipuka. Hata Bibi Roselyne alijifunika mdomo. Wageni walicheka vichwa vikiwa nyuma. Bethuel aligeuza shingo akamwangalia Gertrude, na katika macho yale hapakuwa na ubaya wowote. Palikuwa na shukrani, kama ya mtu anayemshukuru mwenzake kwa kushika mlango.

Gertrude alikuwa anatazama magoti yake. Aliona tumbo lake mwenyewe la miaka kumi iliyopita chini ya sare ya misheni, na wasichana wenzake wakicheka nyuma ya pazia la chumba cha kufulia. Kilikuwa kicheko kile kile, wala hakikuzeeka. Akajiambia, ngoja, kitapita. Akajiambia, muhuri. Akaliona gumba nene la chifu juu ya wino. Halafu aliona miguu yake mwenyewe imesimama, na miguu ile ikavuka nafasi iliyokuwa katikati ya safu mbili, na akaketi kwenye kiti kitupu upande wa kushoto. Kisha akasimama tena, maana ndivyo mtu anavyoomba kusema.

Kicheko kilikatika kama redio iliyozimwa.

"Bwana Spika," alisema.

Vuai alimwangalia. "Sema, mwanangu," alisema, akasahau cheo.

"Nina mtoto anaitwa Zilpah Kemunto. Hana jina la baba, ana langu. Nilimzaa kwenye kitanda ambacho asubuhi yake nilikuwa nimekitandika mwenyewe. Waziri anasema mila zetu zina njia zake. Nilizipita zote. Nilikwenda kwa wazee, mwanamume akasema hanijui. Nilikwenda kwa mchungaji, mwanamume akasema tena hanijui. Kijiji kizima kilijua ananijua. Kuku walijua." Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamaza mwenyewe. "Nikaenda kwa hakimu. Hakimu alimwambia asimame. Ni hilo tu, Bwana Spika. Alimwambia, wewe, simama. Akasimama, akaangalia viatu vyake, akasema: ndiyo, ni wangu.

"Sheria ile haikunipa mume. Haikunirudishia masomo. Mambo ya nguo na kamba sijui, mimi nafua nguo za wengine. Ninachojua ni kwamba palikuwa na chumba kimoja katika nchi yetu ambamo mwanamume aliweza kuambiwa simama, akasimama. Leo mnataka kukifunga. Mnasema wasichana wanadanganya. Wako wanaodanganya. Na mwizi yuko, lakini hatujafunga soko. Nataka Waziri aniambie, chumba hicho kikifungwa, mtoto atampeleka nani wapi? Atasimama mbele ya nani aseme, huyu ndiye?"

Aliketi. Mvua ilikuwa ikipiga bati la kibaraza.

Bethuel alisimama polepole. "Hoja ya nidhamu, Bwana Spika." Sauti yake ilikuwa laini kama pamba. "Kiti alichoketi Mheshimiwa Seneta. Naomba Spika atufahamishe, je, amekipata kwa kura?"

Kila mtu pale alielewa lililoulizwa. Wageni wawili nao walielewa, maana mmoja wao aliifungua tena kalamu.

Vuai hakuharakisha. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati. "Kura ilimwangukia Mheshimiwa Charanjit," alisema. "Na naona Mheshimiwa Charanjit amemwachia bibi huyu zamu yake. Sivyo, Charanjit?"

"Ndiyo, Bwana Spika!" Charanjit aliruka juu. "Koo yangu leo mbovu kabisa. Ni mimi nimemwambia Sista, nimalizie. Nilimkonyeza. Watu wote wameona nikimkonyeza." Hapakuwa na mzaha usoni mwake sasa, jasho lilikuwa limelowesha ukingo wa kilemba.

"Basi, limekwisha," Vuai alisema. "Zamu imeachwa, zamu imepokewa. Seneta, thibitisha tu kwa ajili ya kumbukumbu, tuendelee." Na alimwangalia Gertrude kwa macho ya mtu anayemnyooshea mkono aliye ndani ya maji.

Ilikuwa rahisi sana. Neno moja. Lingekuwa karibu na kweli. Bethuel mwenyewe, huenda, alitaka alitamke. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, akingoja, kama anayempa nafasi. Muhuri ungegongwa. Zilpah angekuwa hapa kabla shule hazijafunguliwa. Gertrude alifungua mdomo ili aseme ndiyo, na alijiona: mtu aliyesimama mbele ya watu anaangalia viatu vyake.

"Hapana, Bwana Spika," alisema. "Charanjit hakunikonyeza. Kizibo changu kilikuwa kitupu. Nimekuja hapa mwenyewe."

Charanjit aliketi kwa kishindo. "Ai, Sista," alisema, kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia.

Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Mswada ulipita. Waliounyooshea mkono hawakumtazama. Bibi Roselyne hakunyoosha upande wowote. Wakati wa chai Bethuel alimletea Gertrude kikombe yeye mwenyewe, na sukari kando, kama apendavyo.

"Umesema vizuri sana," alimwambia. "Kweli. Ni huzuni tu."

*

Muhuri haukugongwa. Hakuna aliyemwambia kwamba umekataliwa. Mama yake alikwenda ofisini kwa chifu akaambiwa chifu yuko safarini. Akaenda tena akaambiwa faili haionekani. Akaenda akiwa ameshikwa mkono na mtoto, akaambiwa mtoto huyu jina la baba yake ni nani, kwa maana bila jina la baba atajuaje ni wa lokesheni hii. Huko Nairobi sheria ilifutwa kabla ya katikati ya mwaka. Mwalimu alijenga nyumba ya mabati. Bethuel alirudi nyumbani na shahada yake, na kwenye karamu ya kumuaga aliwaaga wote kwa mkono, Gertrude akiwemo.

Kabla mwaka haujaisha, chama cha upinzani kule Kenya kilipigwa marufuku. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ule watu wachache walikuja ukumbini na hakuna aliyetaka kutia mkono ndani ya kofia. Vuai aliwaangalia, akaivaa. Walikunywa chai, wakazungumza habari za hali ya hewa, na hawakukutana tena.

Gertrude hakuacha kuandika maombi. Alifanya zamu zake, akapanda daraja, akapewa wodi. Mama yake alifariki mwaka 1970, mvua za masika, na yeye hakuwepo kuzika. Zilpah alihamishiwa kwa mke wa mjomba wake, ambaye alikuwa na watoto sita wake mwenyewe na kazi nyingi za kumpa wa saba. Habari zilizofika zilikuwa chache na zilisomeka kama zimeandikwa na mtu anayesimamiwa. Usiku fulani Gertrude aliamka akiwa amesema neno "ndiyo" kwa sauti, mpaka Kulwant akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

"Ungesema tu, dada," Kulwant alimwambia asubuhi, akimkaangia chapati. Hakuwa na nia mbaya. "Mimi nimesema ndiyo mara ngapi hapa? Kwa meneja, kwa jirani, kwa polisi. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mtu hafi."

"Najua," Gertrude alisema.

Mwaka 1972 chifu alistaafu. Aliyemrithi alikuwa kijana, na faili la Zilpah alilikuta kwenye kabati, mahali pake, kwa mpangilio wa herufi. Aligonga muhuri mchana mmoja kabla ya kwenda kula. Hata hakuuliza swali.

*

Aliyetoka mlango wa wasafiri alikuwa msichana mrefu wa miaka kumi na miwili, mwenye kovu jipya kwenye paji la uso na namna ya kusimama kama anayengoja kutumwa. Alimpa Gertrude mkono. Alisema "Shikamoo, Sista," kwa maana ndivyo alivyokuwa amesikia watu wakimtaja mama yake. Wakati huo Gertrude alikuwa amepata nyumba ya halmashauri Kingstanding, yenye ua wa nyuma na jirani aliyefunga dirisha alipowaona, na huko waliishi wakiombana samahani kwa kupishana mlangoni. Mtoto alikula haraka, akaosha sahani yake kabla haijapoa. Kuhusu kovu alisema, "Ni moto wa jikoni," na hakuongeza.

Charanjit ndiye aliyemwambia Zilpah. Alikuja Jumapili moja na mke wake mpya na boksi la peremende, akakaa akasimulia, kwa mapenzi na mikono mingi, jinsi mama yake alivyokuwa Seneta, jinsi alivyovuka ukumbi, jinsi yeye Charanjit alivyojaribu kusema uongo mtakatifu ukakataliwa, na jinsi chifu alivyozuia muhuri miaka mitatu kwa sababu hiyo. Alidhani anampa mtoto zawadi. Zilpah alisikiliza bila kupepesa. Wageni walipoondoka, alibaki ameketi mezani.

"Ni kweli?" aliuliza.

"Ni kweli."

"Ulitaja jina langu? Mbele ya wale watu?"

"Nilitaja."

Nje mtoto wa jirani alikuwa anapiga mpira ukutani, na kila kishindo kilifika jikoni. Gertrude alimtazama Zilpah usoni, lile kovu, na alijua kwamba yeye mwenyewe maisha yake yote amekuwa akisimama mbele ya watu wasio na haki ya kumhukumu, na kwamba huyu anayo.

"Ungenyamaza tu," Zilpah alisema. Hakusema kwa hasira. "Siku moja, Mama. Mimi nilinyamaza kila siku."

Maneno yalikuja. Yalikuja yote kwa mpangilio, kama yalivyokuwa yakimjia ukumbini, yenye nguvu na ya kweli: kuhusu chumba kile, kuhusu watoto wengine, kuhusu mwanamume na viatu vyake. Gertrude aliyasikia yakifika mpaka kwenye meno. Aliyaacha pale. Mtoto alikuwa amemwita Mama, kwa mara ya kwanza, bila kujua, ndani ya sentensi ile ile.

"Niambie kuhusu moto," alisema.

Zilpah alitazama sinki, ambako hakukuwa na sahani ya kuosha. Kishindo cha mpira kilirudi, kikarudi tena. Kisha alivuta kiti karibu na meza, akaanza, akitafuta maneno, kutoka ile asubuhi aliyoamka akakuta kitanda cha mama yake kimetandikwa.